Uzi: Kabla hujanunua sakafu ya vinili, liulize jamvi (zege la sakafu) kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni kwa yeyote anayekarabati nyumba ya zamani na amezipenda zile mbao za vinili zinazofanana na mninga. Nimeziweka mara mbili katika chumba kimoja, nyumbani kwa mama, Tabata. Mara ya kwanza ziling'oka zote. Za mara ya pili zipo, na mama anazikanyaga kila siku. Mara ya kwanza nilianza na rangi, mara ya pili nilianza na kilicho chini.

Nyumba ni ya miaka ya themanini, sakafu ya niru (saruji laini ya juu) nyekundu, ile ambayo utotoni tulikuwa tunaipaka rangi na kuisugua kwa tambara la blanketi mpaka inang'aa. Ilikuwa imepasukapasuka. Marumaru mama alizikataa kabisa, kwa sababu aliwahi kuteleza juu ya marumaru iliyodekiwa akaumia nyonga, na tangu siku hiyo akiona sakafu inayong'aa anashika ukuta. Vinili nilimchagulia kwa sababu haina ubaridi mguuni, ukichagua yenye mkwaruzo haitelezi sana, na Mungu aepushe, mtu akianguka haimpokei kwa ukali wa marumaru.

Januari nikanunua vile vyembamba vya milimita 2 vyenye gundi mgongoni, unabandua karatasi unabandika. Fundi alimaliza chumba mchana mmoja. Kilipendeza, siwezi kukataa. Aprili, masika yalipokolea, kipande cha karibu na mguu wa kitanda kikaanza kuinua kona. Nikachomeka kisu cha mezani nikakinyanyua. Kilitoka bila kubisha. Gundi ilikuwa imegeuka nyeupe, laini kama uji wa mchele, inanata kidoleni, na niru chini yake imekuwa nyeusi kwa maji. Harufu ilikuwa ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Nikang'oa cha pili, cha tatu, mpaka nikafika mlangoni.

Baadaye ndipo nikaelewa. Nyumba nyingi za zamani jamvi lilimwagwa bila nailoni chini yake. Maji ya ardhini yanapanda taratibu ndani ya zege, na yanapopanda yanabeba alkali ya saruji. Hiyo alkali ndiyo inayoila gundi. Siku zote ile niru ilikuwa inapumua: unyevu unapanda, unaondoka na hewa, wala huuoni. Mimi nikaja nikaifunika kwa plastiki, nikaufungia.

Kuna jaribio ambalo halina gharama, na natamani kila mtu alifanye kabla hajakanyaga dukani. Chukua nailoni nzito inayoonyesha, kata pande la sentimita 45 kwa 45. Fagia sakafu vizuri, itandaze, bandika kingo zote nne kwa tepu pana pasipite hewa. Iache angalau saa 16, mimi niliacha siku mbili. Ukiifungua ukakuta matone kwa ndani, au sakafu imekuwa nyeusi kuliko pembeni, una unyevu. Usiiweke jua linapopiga. Rudia kila chumba, kwa sababu chumba kimoja kinaweza kuwa kikavu na cha jirani kimelowa. Ukiweza, pima masika. Mimi nilinunua kiangazi nikadhani sakafu ni kavu.

Wa nyumba mpya nao wasijione wamepona. Zege changa lina maji yake lenyewe. Hesabu ya mafundi wengi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo jamvi la inchi 4 ni kama miezi minne, na hapo hewa iwe inapita. Naona watu wanaweka vinili juu ya jamvi la wiki tatu.

Tulivyorekebisha: tulianzia nje. Mfereji wa bati ulikuwa umetoboka juu ya ukuta uleule, kila mvua maji yanapiga msingi. Tukabadilisha, tukachimba mtaro wa kuyapeleka mbali na nyumba. Ndani, bomba la bafuni lilikuwa linavuja polepole nyuma ya ukuta wa chumba hichohicho. Tukasubiri mpaka Agosti, tukapima tena. Matone hayakuwepo, ila sakafu bado ilikuwa inabadilika rangi kidogo. Hapo nikajua kitu cha gundi sikirudii. Tukatandaza nailoni nzito chumba kizima, vipande vinapandana sentimita 20 na kufungwa kwa tepu, juu yake tukaweka vinili ya kliki, ile inayoshikana yenyewe kwa yenyewe na haigusani na sakafu kwa gundi. Ila nailoni ni ya unyevu unaopanda kidogokidogo. Kama kwako maji yanachuruzika au yanasukumwa na ardhi, nailoni haitakuokoa, ondoa maji kwanza.

Sasa aina. Dukani Kariakoo wanaziita zote "vinili" au "mbao za plastiki", ila ndani hazifanani. Za kubandika, milimita 2 hadi 3, zinahitaji sakafu laini kabisa na kavu kabisa. Zikipata hivyo viwili zinakaa vizuri sana, maana hazina pa kwenda. Za kliki zina moyo mgumu katikati. Ukiona SPC, moyo ni unga wa chokaa uliochanganywa na plastiki: nzito, ngumu, haishituki sana na joto. WPC moyo wake umeumuliwa kama mkate, ni nyepesi, laini zaidi mguuni, lakini kitanda kizito au friji huacha alama. Kwa Dar mimi nachagua SPC. Na usichanganye na lamineti, ambayo moyo wake ni unga wa mbao: ikinywa maji inavimba kingo na hairudi.

Kitu ambacho muuzaji hakutaji usipouliza ni unene wa tabaka la juu la kinga, lile linaloonyesha picha ya mbao chini yake. Yeye atakwambia "hii milimita 5, hii 8", akimaanisha unene wa kipande kizima. Kipande kinene chenye kinga nyembamba kinachakaa upesi kuliko chembamba chenye kinga nene. Tafuta milimita 0.3 kwa chumba cha kulala na 0.5 kwa sebule yenye watoto. Mizigo mingine imeandikwa kwa kipimo cha Marekani, "mil", ambayo ni sehemu ya elfu ya inchi, wala si kifupi cha milimita. 12 mil ni kama 0.3, 20 mil ni kama 0.5. Nilishaona mtu akiambiwa kinga ni "milimita 12". Haiwezekani, kinga peke yake haizidi kipande chenyewe.

Bei siandiki, kila kontena na bei yake. Naomba kuwasilisha, maswali karibuni.

#2 Fundi wa Mbagala

Mkuu umeongea ukweli mtupu. Nafanya kazi hii kila siku na lawama zinatuangukia mafundi.

Naongeza la usawa. Unyevu ukiupita, kinachoua kliki ni mabonde. Chukua rula ya alumini ya mita 3, ilaze sakafuni pande zote, chungulia chini yake. Ikiacha uwazi unaozidi milimita 5 hivi, usiweke. Kipande kikiwa juu ya bonde, kila anayepita anakibonyeza, ule ulimi wa kliki unachoka, mwisho unakatika. Mteja anasikia "tk, tk" anasema fundi mbovu. Mimi sikubali kazi kabla ya kusawazisha, hata mteja akinuna.

Na wanaotaka kutandika godoro chini ya vinili iwe laini, acheni. Nyingi za SPC zinakuja na sponji yake mgongoni. Ukiongeza nyingine ya pili, ni bonde lilelile umelinunua kwa hela yako.

#3 Mdau wa Kigamboni

Shukrani sana mleta uzi, umenikuta wiki hii hii naenda kulipia. Sebule yangu ni mita 4.5 kwa 6, madirisha makubwa ya alumini upande wa magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka katikati. Tayari nina marumaru za zamani. Je, nizivunje? Na nihesabu boksi ngapi?

#4 Mleta uzi

Karibu mkuu. Nianze na hesabu maana ni nyepesi. 4.5 kwa 6 ni mita za mraba 27. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuharibika, inakuwa 29.7. Saizi inayopatikana sana ni kipande cha milimita 1220 kwa 180, na kama boksi lina vipande 10 linafunika mita za mraba 2.196. Gawa, unapata 13.5, chukua maboksi 14. Soma idadi kwenye boksi lenyewe, zinatofautiana. Na yote yawe ya namba moja ya uzalishaji, ukirudi baada ya mwezi rangi inaweza isilingane. Yanayobaki yahifadhi, usimpe mtu, ndiyo akiba ya kipande kitakachoungua pasi.

Marumaru kama zimeshika, gonga kila moja kwa mpini wa bisibisi. Inayolia kama debe tupu imeachia, itoe na ujaze. Zilizo nzima ziache, ziba tu mistari katikati yake ikiwa mipana, maana kliki nayo inaihisi. Halafu pima mlango. Vinili na nailoni vinapandisha sakafu karibu milimita 6 au 7. Mlango wa mbao unarandwa chini, ila geti la chuma la ndani huwezi kulirandia, na wengi hugundua hilo siku fundi ameshaondoka na geti halifungiki.

Jua ndilo gumu kwako. Vinili ni plastiki, ikipata joto inatanuka. Ndiyo maana pembeni ya kuta zote lazima uache nafasi, milimita 8 hadi 10, skatingi inakuja kuifunika. Skatingi ipigwe ukutani, isibane sakafu. Ukiibana, ikitanuka haina pa kwenda, inainuka katikati kama mgongo wa ngamia. Pale jua linapoingia weka pazia zito, na usome kijitabu cha kwenye boksi joto la mwisho wanaloruhusu. Kama hakuna kijitabu wala muuzaji hajui, badilisha muuzaji.

Fanya na la nailoni hata kama una marumaru. Ng'oa marumaru moja kwenye kona uweke hapo.

#5 Mdau wa Nairobi

Mimi niko ghorofa ya tatu, kwa hivyo maji ya ardhini hayanihusu. Shida yangu ni jirani wa chini analalamika kelele. SPC itasaidia? Na kabati za jikoni ziwekwe juu yake ama kabla?

#6 Fundi wa Mbagala

Kwa kelele tafuta ile yenye sponji nzuri mgongoni, utapunguza vishindo, ila usitegemee ukimya wa zulia. SPC ni ngumu, kijiko kikidondoka kinalia.

Kabati kwanza, vinili baadaye. Vinili ya kliki inatakiwa ielee, yaani isogee kidogo kwa pamoja. Ukiikandamiza kwa kabati nzito upande mmoja na ukafungia skrubu, umeipigilia. Joto likija inavutana na kufunguka viungo. Chini ya kabati acha zege.

#7 Mdau

Samahani wakuu, mimi sioni sababu ya kulipia plastiki. Marumaru ukiiweka leo wajukuu wataikuta. Vinili miaka kumi imechakaa.

#8 Mleta uzi

Mkuu siwezi kukubishia hapo. Bafuni na barazani hata kwa mama nimeacha marumaru zenye mkwaruzo, kwa sababu barazani jua na mvua vinapiga moja kwa moja na bafuni maji yanasimama. Vinili yenyewe hainywi maji, lakini maji yakipita kwenye viungo yakaingia chini, yanakaa huko. Kwa nyumba ya kupangisha yenye watu wengi, marumaru.

Nilichokuwa natafuta mimi ni miguu ya mama. Amka usiku uone anavyokwenda chooni bila kushika ukuta, utaelewa kwa nini hesabu ya miaka sikuifanya.

Na tofauti na paruketi au mbao halisi, mchwa hawana cha kula humo. Kwa Pwani hilo nalo si dogo.

#9 Mdau wa Columbus, Ohio

Salamu kutoka ughaibuni. Nimesoma wote. Sisi huku tumenunua nyumba ya mwaka 1956, tunataka kuweka vinili ya kliki chumba cha chini ya ardhi. Kuna vigae vya zamani vya plastiki, vidogo vya mraba, vimebandikwa kwa gundi nyeusi. Mume wangu anataka kuvikwangua wikendi hii. Ni sawa?

#10 Mleta uzi

Dada, mwambie asiguse kwanza. Vigae vya zama hizo huko Marekani, hasa vya inchi 9 kwa 9, vingi vina asbesto (nyuzi za madini zenye madhara), na ile gundi nyeusi nayo mara nyingi inayo. Kikiwa kizima na kimetulia hakina shida kubwa, hatari inaanza pale unapokikwangua, kukivunja au kukipiga msasa, vumbi lake likaingia mapafuni. Kwa macho huwezi kujua, lazima kipande kipimwe maabara. Kama vimeshika vizuri na ni sawa, wengi huko huvifunika tu kwa sakafu ya juu badala ya kuving'oa. Ila chumba kikiwa chini ya ardhi suala la unyevu ni palepale, pengine kuliko la Tabata.

Na ukiwa dukani huko angalia kama wameandika haina phthalate, ile kemikali ya kulainisha plastiki. Home Depot, duka kubwa la vifaa vya ujenzi huko, walitangaza 2015 kwamba wanaacha kuuza sakafu za vinili zilizoongezewa hiyo. Huku kwetu mizigo mingi haijaandikwa chochote, ndiyo maana mimi boksi nililifungua palepale dukani nikanusa kipande. Kile kilichonipiga puani nilikirudisha. Si kipimo cha maabara, ila chumba ni cha mtu mzima anayelala humo na madirisha yakiwa yamefungwa.

#11 Mdau wa Columbus, Ohio

Asante sana, nimemwonyesha. Koleo ameirudisha garini.

#12 Mdau

Usafi je? Dada wa kazi anadeki kwa maji mengi.

#13 Mleta uzi

Tambara likamuliwe vizuri, maji yasitandae. Zile mashine za mvuke zisipite hapo, zinalegeza viungo. Adui mkubwa wa Dar ni mchanga: ukiingia na viatu, ni msasa. Kwa mama tumeweka mkeka wa kufutia miguu mlangoni, na viatu vinabaki nje kama zamani. Ila angalia mgongo wa mkeka. Wenye mpira usiuweke juu ya vinili, mpira unaacha doa la njano ambalo halitoki, kwa sababu linaingia ndani ya plastiki yenyewe. Miguu ya viti ibandike vitambaa.

#14 Mdau wa Kigamboni

Wakuu nimerudi. Nilitoa marumaru mbili, moja kona ya dirishani, moja karibu na ukuta wa jikoni. Nimeweka nailoni juzi jioni, leo asubuhi nimefungua. Ya dirishani kavu kabisa. Ya jikoni ina matone, unaweza kuandika jina kwa kidole. Duka wameniambia wanaweza kunishikia mzigo wiki mbili tu. Nifanyeje?

#15 Fundi wa Mbagala

Kigamboni maji ya chini yako karibu, ila kona moja kulowa na nyingine kukauka kunanipa wasiwasi wa bomba. Usiku funga mabomba yote ya ndani, soma mita ukiacha koki kuu wazi, asubuhi usome tena. Kama una tenki juu, funga linaloshuka jikoni uangalie kiwango kikishuka. Jumapili nina nafasi, nitakuja na pimamaji na rula, tufungue na marumaru ya tatu katikati.

#16 Mleta uzi

Nakazia. Mzigo waachie. Yangu ya kwanza ilikuwa imebaki maboksi mawili tu dukani, ndiyo maana niliharakisha, na baadaye nikaikuta ileile rangi kwenye maduka matatu.

#17 Mdau wa Kigamboni

Nimewapigia, nimeahirisha. Nimefunga koki ya jikoni sasa hivi, saa tatu usiku. Kesho nitaandika tenki limesomaje.